Maswali ya Wasomaji: Uzamivu wa blokicheni

SWALI: Ndugu Wahariri, salaam. Naanza shahada ya uzamivu. Andiko langu ni “Kutumia blokicheni kutunza kumbukumbu za ardhi.” Msimamizi amelirudisha mara mbili, anasema huo ni mradi, si utafiti. Kosa liko wapi?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Msimamizi wako ana haki, ndugu msomaji, na heri akwambie sasa kuliko mwaka wa tatu. Ukiunda mfumo, umethibitisha kwamba unaundika, basi. Uzamivu unadai hoja inayoweza kupimwa na ikaonekana si kweli. Isitoshe, blokicheni, yaani daftari la kidijitali linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa mnyororo wa kumbukumbu, huzuia kumbukumbu kubadilishwa kimyakimya, lakini haijui kama karani aliandika mpaka wa uongo. Uongo ukiingia, utalindwa sawasawa na ukweli.

Chukua kipande kimoja tu. Daftari la ardhi litaendeshwa na ofisi chache zinazofahamiana, hivyo halihitaji uchimbaji kama wa Bitcoin, ambako kompyuta za watu wasiofahamiana hushindana kwa mahesabu mazito ili kuandika kumbukumbu. Linatosheka na itifaki ya mwafaka, yaani kanuni za kompyuta kukubaliana nini kiandikwe, kama PBFT, ya Miguel Castro na Barbara Liskov, 1999. Humo, kustahimili nodi (kompyuta za mtandao huo) zilizoharibika au zenye hila, idadi yake ikiwa f, kunahitaji angalau nodi 3f+1: nodi 4 hustahimili 1, nodi 16 hustahimili 5. Gharama iko kwenye ujumbe. Kila nodi huwasiliana na zote, kwa hiyo ukitoka nodi 4 hadi 16 ujumbe huongezeka mara 16 au zaidi, si mara 4. Swali lako sasa: kwenye mtandao wa wilayani unaochelewa na kupoteza pakiti (vipande vya data vinavyosafirishwa), mwafaka hukwama kuanzia kiwango gani?

Pima kwa nodi 4, 7, 10, 13 na 16, kila moja na mashine yake. Kwa amri ya tc netem ya Linux, inayoiga mtandao mbovu, ongeza ucheleweshaji wa milisekunde 50, 100 na 200, kisha upotevu wa pakiti wa asilimia 1 na 5. Rudia kila jaribio mara 10 au zaidi, na utupe dakika ya kwanza, mfumo ukiwa bado haujatulia. Usitoe wastani peke yake, maana huficha miamala michache iliyokwama; toa na asilimia ya 99, yaani muda ambao miamala 99 kati ya 100 hukamilika ndani yake.

Angalia sana kipima muda, yaani muda ambao nodi humsubiri kiongozi, nodi inayopanga miamala. Kikiwa kifupi kuliko ucheleweshaji, nodi hudhani kiongozi amekufa, humbadilisha, na muda unapotea bila muamala kuandikwa. Wengi pia huweka nodi zote kwenye kompyuta moja. Hapo wanapima diski na prosesa zinazogombaniwa. Hakikisha vilevile kwamba programu inayotuma miamala haizidiwi kabla ya mfumo wenyewe.

SWALI: Majina ya wamiliki niyaweke ndani ya mnyororo?

JIBU: Hapana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 inatambua ufutaji wa taarifa, na mnyororo haufutiki. Weka heshi tu, yaani alama fupi inayokokotolewa kutokana na taarifa, na kabla ya kuikokotoa changanya taarifa na namba ya nasibu ya biti 256 inayotunzwa nje. Bila namba hiyo, namba za vitambulisho hukisiwa moja moja hadi heshi ilingane.