Safu ya Mengineyo: maneno kwa mkutubi mpya wa maktaba ya mkoa

Mdogo wangu, barua ya kupangiwa kituo umeshaipokea, na najua Bagamoyo wamekufundisha kuorodhesha, kuainisha, kutunza daftari la vitabu na kupanga rafu. Kazi hiyo ishike vizuri, maana ukiizembea maktaba inageuka stoo. Mimi nataka nikusimulie mambo niliyojifunza ukumbini, kwa miaka niliyohudumu maktaba za mikoa na wilaya, hasa namna ya kugundua kwamba haja ya wasomaji imebadilika kabla hawajachoka na kuacha kuja.

Fomu ya taarifa ya mwezi niliyoikuta kituo changu cha kwanza ilikuwa na safu za waliojisajili, vitabu vilivyoazimwa, vilivyorudishwa na vilivyopotea. Mwisho kabisa, ukingoni mwa karatasi, palikuwa na safu nyembamba iliyoandikwa "Mengineyo". Mwezi baada ya mwezi tulikuwa tunajaza humo neno moja: hakuna.

Mama aliyekuwa mkuu wetu aliniona naandika "hakuna" mwezi wangu wa pili. Hakunigombeza. Kesho yake asubuhi akanipa daftari na kalamu, akasema, "Mwanangu, leo usiguse kitabu. Kila saa zunguka ukumbi, uandike kila mtu anafanya nini. Siyo anasoma nini. Anafanya nini."

Nikazunguka. Vijana wa kidato cha nne walikuwa wamejaza meza za katikati, daftari zao wenyewe mbele yao na mitihani iliyopita iliyotolewa fotokopi hadi maandishi yamefifia. Kitabu chetu kikubwa cha jiografia kilikuwa mezani kwao kweli, lakini kimefunguliwa ili kuzuia karatasi zisipeperushwe na feni. Wasichana wawili walikuwa wamekaa sakafuni ukutani, na viti vipo. Nilipoinama nikaona kwamba soketi ya umeme ilikuwa pale. Mzee mmoja alisoma gazeti kuanzia ukurasa wa matangazo ya kazi, akinakili kwenye kipande cha karatasi kwa ajili ya mwanawe. Mama mwenye kitenge alisimama mlangoni na bahasha ya benki, akisubiri amwone mtu mwenye sura ya upole amwombe amsomee. Saa kumi jioni nilipohesabu, waliofungua kitabu chetu ili wakisome hawakufika hata robo ya watu wote waliokuwamo.

Niliona aibu. Nilidhani nimempelekea mkuu wangu ushahidi kwamba maktaba imeshindwa. Yeye alilisoma daftari lile taratibu, akarudia ukurasa wa pili, kisha akaniambia kwamba watoto wale wanatoka nyumba za vyumba viwili, watu wanane, taa moja, redio inaimba. Wamekuja kutafuta meza, mwanga na utulivu. Wiki ile ile tulihamisha rafu mbili za majarida ya zamani ambayo hakuna aliyeyagusa, tukapata nafasi ya meza tatu, na meza mbili kati ya hizo tukaziweka karibu na soketi. Tangazo la "Ni marufuku kuchaji simu" nililitoa kwa mkono wangu mwenyewe. Mwezi ule safu ya Mengineyo haikutosha. Tukabandika karatasi ya ziada.

Nakueleza hili kwanza kwa sababu utaambiwa, na watu wazima wenye nia njema, kwamba mtoto anayekuja na daftari lake "hatumii maktaba". Anaitumia. Sheria iliyoanzisha huduma hii nchini ni ya mwaka 1963, na Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu pale Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967. Haja ya wakati ule haikuwa hii ya leo. Miaka ya 1970, kampeni za elimu ya watu wazima zilipopamba moto, aliyehitaji kuhudumiwa alikuwa mtu mzima aliyejua kusoma jana: alitaka kijitabu chepesi cha kilimo au afya, herufi kubwa, karibu na kijiji chake. Tangu 2016, elimu bila ada ilipoanza hadi kidato cha nne, shule za sekondari zimejaa. Mtandao wa maktaba ni ule ule, lakini anayepanda ngazi zetu ni mwingine. Usimpime kwa kipimo cha babu yake.

Kuhusu rafu. Umejifunza Dewey, ile mbinu ya kupanga vitabu kwa namba za mada, na utaiheshimu, kwa sababu ndiyo inayomwezesha mkutubi wa Kigoma kukiagiza kitabu Tanga bila maelezo marefu. Lakini ujue ilianzia Marekani mwaka 1876 na bado ina macho ya kule. Dini ya Kikristo imepewa sehemu kubwa ya namba za mia mbili, zile za dini, Uislamu umebanwa ndani ya 297. Ukipangiwa mji wa pwani utaona rafu ya 297 inafurika huku jirani zake zina nafasi ya kulala paka. Kiswahili nacho kimekatwa vipande viwili: lugha iko 496.392, fasihi iko 896.392, na kati yao pana sayansi, tiba, uhandisi, kilimo, mapishi na michezo. Kijana anayejiandaa kwa mtihani wa Kiswahili anahitaji sarufi na tamthilia asubuhi ile ile. Nimewaona wakichukua cha kwanza, wakazunguka ukumbi mzima, wakakata tamaa.

Dawa yetu ilikuwa ndogo. Kila Septemba tunatenga rafu moja karibu na kaunta, tunavikusanya humo vitabu vya Kiswahili vya pande zote mbili, kila kimoja na namba yake ile ile mgongoni, na kibao kinasema "Kiswahili, kidato cha nne". Mtihani ukiisha Novemba, vinarudi makwao. Namba haikuguswa, katalogi haikuharibika, na msomaji hakuzungushwa. Ukiwa na wazo la namna hii, lijaribu msimu mmoja kabla ya kuliandikia waraka.

Sasa nije kwenye mtandao wenyewe wa maktaba, maana hapa ndipo nilipofanya kosa langu kubwa.

Maktaba ya mkoa hailindi vitabu vyake tu. Ina wilaya zinazoitegemea, na nyingine zina chumba kimoja na mtumishi mmoja. Njia yetu ya kuzisaidia ilikuwa maboksi: unapakia vitabu, unaandika orodha nakala tatu, unapeleka stendi, basi linabeba kama kifurushi, na baada ya miezi mitatu boksi linarudi au linasogezwa wilaya inayofuata. Mwaka mmoja tulipata vitabu vizuri vya fizikia vya kidato cha tano na sita. Nilifurahi mno, nikapakia maboksi mawili, nikayatuma wilaya moja ya mbali nikijua nimewapa kilicho bora. Yalirudi baada ya miezi mitatu yakiwa na utepe wangu ule ule, umekatwa sehemu moja tu. Shule pekee ya kidato cha tano na sita iliyokuwa karibu na maktaba ile ilikuwa na tahasusi za HGL na HKL, yaani historia, jiografia na Kiingereza, au historia, Kiswahili na Kiingereza. Hapakuwa na mwanafunzi hata mmoja wa fizikia. Nauli ya basi ilikwenda na kurudi, na wakati wote huo vijana wa historia pale walikuwa wanagombania kitabu kimoja.

Simu ya dakika tatu ingetosha. Tangu siku ile sijafunga boksi bila kuuliza mambo mawili: shule gani ziko umbali wa kutembea kwa miguu, na watu wameulizia nini mwezi huu mkakosa. Swali la pili ndilo lenye mali. Kituo changu cha mwisho tuliandika kwenye Mengineyo, miezi miwili mfululizo, kwamba vijana wanaulizia vitabu vya ushonaji. Tulipowasomea wenzetu wa wilaya za jirani, mmoja akasema, "Ninavyo kumi na vitano, vimelala, huku hakuna anayeviuliza." Vikapanda basi Ijumaa. Mtaala mpya ulipoanza kutumika mwaka 2024 na mkondo wa amali ukaingia sekondari, sisi tulikuwa tumeshajua nani ana vya useremala, nani ana vya umeme wa majumbani. Hatukuwa na fedha zaidi ya wengine. Tulikuwa na orodha ya vilivyolala.

Wenzetu Kenya wamekwenda mbali zaidi kwa kufuata haja ilipo. Huduma ya taifa ya maktaba kule ilianza kutumia ngamia Garissa mwaka 1996, kwa sababu jamii za wafugaji zinahama na malisho, na gari haliwezi mchanga ule. Ngamia mmoja anabeba masanduku ya vitabu, mwingine hema. Hema likishapigwa, mkeka ukatandikwa chini, maktaba imefunguliwa. Simwambii mtu atafute ngamia Iringa. Nasema waliuliza watu wanaishi vipi kabla ya kuamua huduma iwe na umbo gani.

Vitabu vya msaada vitakuja, na utavipokea kwa shukrani, lakini vichambue siku hiyo hiyo. Nimefungua katoni iliyojaa miongozo ya programu za kompyuta ambazo hazijaonekana kwenye mashine yoyote kwa miaka ishirini. Kitabu cha tiba kilichopitwa na wakati ni hatari kuliko rafu tupu, kwa kuwa msomaji anakiamini kwa sababu kina mhuri wetu. Kukiondoa kuna utaratibu wake wa kiserikali, una fomu na kamati, usiuruke. Ila usikipe nafasi kwenye rafu wakati unasubiri kamati ikae.

Kompyuta ni hivyo hivyo. Kuna mahali nilikuta mashine sita zimefunikwa vitambaa vyeupe, mlango umefungwa kufuli, funguo iko kwa mtu mmoja ambaye yuko likizo. Zilikuwa zinaogopewa kuharibika. Ziliharibika hata hivyo, kwa vumbi na panya. Fungua chumba. Watakaokuja hawatakuja kusoma makala za kitaaluma: watakuja kujaza maombi ya Bodi ya Mikopo, kutuma barua za ajira serikalini, kutafuta matokeo. Waonyeshe pia maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu, ambako vitabu vya kiada vinasomwa bure. Wengi hawajui ipo, na kwa mtoto asiye na bando kompyuta yetu ndiyo mlango wake pekee. Jambo moja tu lishike kama amana: mtu akiondoka, hakikisha ametoka kwenye akaunti yake. Nimekuta namba za NIDA, nywila na vyeti vya kuzaliwa vimeachwa wazi kwenye skrini. Aliyekuamini na karatasi zake amekuamini na maisha yake.

Faini nayo utaisimamia, kwa kuwa ni kanuni, lakini iangalie inafanya nini. Nilikutana sokoni na mama aliyekuwa mwanachama wetu, akanikwepa. Nilipomfuata akaniambia kwamba mwanawe alichelewesha kitabu, akahofia deni, na kwa miaka miwili amemkataza mtoto kukanyaga maktaba. Kitabu kilikuwa cha hadithi, kina kurasa thelathini na mbili. Chicago walifuta faini za ucheleweshaji Oktoba 2019, na vitabu vilivyokaa nje muda mrefu vikaanza kurudi. Wewe huna mamlaka ya kufuta, ila unaweza kuomba kibali cha wiki moja ya kurudisha bila deni. Sisi tuliomba, tukapewa. Yule mama alikuja siku ya tatu, kitabu kimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, safi. Mtoto alikuwa amemshika mkono, na alikuwa ameshakuwa mkubwa kwa kadi ya watoto.

Na usiwasahau wasiokuja kabisa. Hao hata daftari langu la ukumbini haliwaoni. Msomaji asiyeona hataulizia nukta nundu kaunta kama anajua tangu zamani kwamba hamna. Mwendesha bodaboda anayemaliza kazi saa kumi na mbili jioni anatukuta tumefunga. Mara moja kwa robo mwaka nilikuwa natoka mchana mmoja kwenda stendi, shuleni na zahanati, nawauliza watu kwa nini hawaji. Majibu mengi yalinihuzunisha. Mengine yalikuwa rahisi kurekebisha: dada wa zahanati alidhani lazima uwe mwanafunzi.

Kwa hiyo taarifa yako ya kwanza ya mwezi ukiijaza, anza na safu ya mwisho. Andika kwa maneno ya kawaida: "Soketi ya upande wa dirisha inagombewa. Wanne wameulizia ufugaji wa kuku, tunacho kimoja. Gazeti la leo linafika saa nane mchana, wazee wanaomba la jana lisiondolewe mezani." Ukimaliza, kabla hujapeleka makao makuu, piga simu wilaya ya jirani uwasomee, halafu nao wakusomee ya kwao.