Shimo moja: niliyojifunza kwa kufungwa

Mdogo wangu unayeingia kwenye one-pocket, ile pool ya kila mtu na shimo lake moja, ile mikono yako iliyozoea kushangiliwa baa za Kijenge hapa Arusha itakuponza. Mimi iliniponza. Nilikwenda Njiro kwa mzee mmoja mstaafu mwenye meza ya pool yenye mashimo ya nyavu barazani kwake, nikafungwa michezo mitano mfululizo. Katika yote mitano hakupiga hata shuti moja la kumwinua mtu kitini. Anasukuma mpira, anakaa, anaendelea na chai yake.

Sheria ni fupi. Mipira 15, na mashimo mawili ya kona upande ule inakopangwa mipira: moja lako, moja la mwenzako. Wa kwanza kutia minane kwenye shimo lake ameshinda. Mpira ukiingia mashimo mengine manne unarudishwa mezani. Faulo unalipa mpira mmoja, na faulo tatu mfululizo mchezo umekwisha kwako. Halafu hili: mweupe, yaani mpira unaoupiga kwa fimbo, ukishagusa mpira mwingine, lazima kuna kinachoingia au mpira wowote uguse ukingo, la sivyo ni faulo. Usilipite haraka, maana nusu ya mitego ya mchezo huu inatoka hapo.

Kuvunja, acha nguvu nyumbani. Mweupe uguse kwa upole ubavu wa pembetatu ulio upande wa mwenzako, mipira isogee kuelekea shimo lako, na wenyewe ukalale umebana ukingo wa upande wake. Akisimama pale anaona mipira yako imejaa upande wako, na yeye hana pa kupiga.

Kwenye pool ya kawaida unajiuliza, utaingia? Huku jiulize kwanza: nikikosa, mweupe utalala wapi, na mwenzangu atakuta nini? Mtu aliyekaa vijiwe vya drafti atanielewa, kwa sababu kule hakuna anayesogeza kete bila kutazama ataliwa ngapi. Shuti ambalo lina nafasi ya kuingia lakini likikosa linamwachia mwenzako mipira mitatu, liache. Tafuta lenye kazi mbili, linalosogeza mpira karibu na shimo lako huku mweupe ukikimbilia mbali au ukijificha nyuma ya mipira mingine.

Mpira uliokaa mdomoni mwa shimo lako ni mali hata kama haujaingia. Mwenzako analazimika kutumia zamu yake kuuondoa, na zamu ya kuondoa si zamu ya kutia.

Ndiyo maana shuti la kugongesha ukingo lina thamani kubwa hapa kuliko kwenye mchezo mwingine wowote wa meza ninaoujua. Mpira uko upande wa mwenzako. Unaupiga ugonge ukingo mrefu wa kwake, urudi kwa kukata meza kuja kwako. Kosa la wageni wote ni kasi. Upe mwendo wa kufika tu, ili ukikosa ufie mdomoni kwako. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nimefika saba, mwenzangu saba, nikaupiga kama nimemkasirikia mtu. Ukagonga kona ya shimo langu, ukarudi meza nzima, ukaingia shimo la mwenzangu. Mpira ukiingia shimo lake, awe amepiga yeye au wewe, ni wake. Nililipa soda za watu wanne.

Lakini hiyo sheria ina upande mtamu pia. Kuna wakati mpira wake umekaa mdomoni na karibu yake kuna mingine miwili mitatu inayomngoja. Ukimwachia, atautia huo na kuendelea na ile mingine. Mtilie wewe mwenyewe, mweupe ukauweke mbali. Umempa mmoja, umemnyima mitatu.

Faulo ya makusudi ndiyo inayowauma wageni zaidi, wanaona kama aibu. Mweupe umebanwa, kila shuti halali linamfungulia mlango. Gusa mweupe kidogo tu kwa ncha ya fimbo, uuache pabaya zaidi kwake, ulipe mpira wako mmoja. Ila hesabu: ukishafanya mara mbili mfululizo, ya tatu lazima upige halali.

Ukiwa mbele, ipeleke mipira upande wa pili wa meza, mbali na mashimo yote mawili, umchoshe. Ukiwa nyuma, ndiyo uifungue.

Ukipata bando, mtazame Efren Reyes wa Ufilipino, ambaye ameshinda one-pocket zaidi ya mara moja kwenye mashindano ya Derby City Classic kule Marekani. Usihangaike na yale mashuti ya miujiza. Simamisha video kila akimaliza kupiga, ujiulize aliyebaki amebakiziwa nini.

Sasa meza zetu. Kwanza, Juni na Julai baridi ya Arusha na manyunyu hukifanya kitambaa kiwe kizito, kwa hiyo piga mashuti machache ya kupima kabla ya kuanza kuhesabiana. Pili, na hili ndilo kubwa, meza za baa ni za kutia sarafu, na mpira ukishamezwa haurudi mpaka ulipie tena. Sisi tunaziba yale mashimo manne kwa matambara. Faulo tunaiandika kwa vizibo vya soda: kizibo kimoja ni deni la mpira mmoja, na mpira utakaotia baadaye unafuta deni kwanza. Mipira ikiisha bila mtu kufika minane, mwenye mingi baada ya madeni ndiye mshindi. Ombeni ruhusa kwa mhudumu kabla ya kuziba, na mkiondoka mtoe matambara yenu. Tulishafukuzwa Sakina kwa kuyasahau.