Maswali na majibu: Kufuata nasaba ya wafanyabiashara wa Lindi na Mikindani

Tumesimuliwa kuwa babu mzaa babu alikuwa na duka Mtwara mwaka 1910. Nimetafuta jina lake kwenye karatasi za Mtwara, sijaambulia kitu. – Msomaji, Shangani, Mtwara

Hutaambulia, maana Mtwara ya maduka na bandari haikuwepo mwaka huo. Mji huo ulikuzwa na mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947. Mzee anayesema "Mtwara" leo mara nyingi anamaanisha Mikindani. Ongeza na hili: katika miaka ya mwisho ya Wajerumani, Mikindani ilikuwa chini ya wilaya ya Lindi, na makao makuu ya Jimbo la Kusini yalibaki Lindi hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kwa hiyo duka la Mikindani la 1910 litafute katika majalada ya Lindi. Simulizi si ya uongo, jina la mji tu ndilo limebadilishwa.

Sisi ni Wakhoja, Waislamu wenye asili ya India, wa Lindi. Kila karatasi ya zamani ina jina tofauti. Ukoo wetu ni upi hasa? – Msomaji, Lindi mjini

Huenda majina yote ni ya mtu mmoja. Shida hapa ni mbili, na kila moja ina dawa yake.

Kwanza, jina la ukoo halikuwa lazima. Mtu alitumia jina lake, la baba, pengine na la babu. Tuseme mzee ni Kassam Jiwa Ramji. Mwanawe anakuwa Alibhai Kassam, mjukuu Sultan Alibhai, na Ramji ameshapotea. Jina liliganda pale pasi ya kusafiria au fomu ya shule ilipolidai, na kila ndugu aliweza kugandishiwa lake. Ndiyo maana watoto wa baba mmoja wana "koo" tatu. Jina la kampuni nalo ni mtego mwingine: linaweza kuwa la babu aliyefariki miaka 40 kabla ya karatasi unayoishika. Jina la duka si jina la ukoo.

Pili, mwandishi aliandika alivyosikia, kwa lugha yake. Yusufu kwa Mjerumani ni Jussuf, na kwa Mreno wa Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, ni Issufo. Virji ni Wirdschi. Mohamedi wa huko, wa kisiwa cha Ibo au kwingine Cabo Delgado, ni Momade, Hassani ni Assane, Valji ni Valgy. Familia nyingi za kusini zilikuwa na ndugu pande zote mbili za mto, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa na tahajia nne. Kabla ya kugusa jalada, ziandike zote kwenye karatasi moja. Kwenye orodha za Kijerumani, Y itafute chini ya J, V chini ya W, na J chini ya Dsch.

Wenye nisba za Kiarabu, yaani majina ya kabila au ya asili, wana nafuu, ila si kubwa. Al-Barwani inakupeleka Oman, na majina yanayoanza na Ba- mara nyingi yanakupeleka Hadhramaut. Lakini aliyeachwa huru, au aliyelelewa nyumbani, aliweza kuchukua nisba ya bwana wake. Nisba peke yake haithibitishi damu.

Risiti yetu haina mwaka, na hati nyingine ina tarehe zisizoeleweka. – Msomaji, Kilwa Kivinje

Risiti isome kwa fedha yake. Rupia na pesa, 64 kwa rupia moja, ni kabla ya mabadiliko ya 1904. Rupia na hela, 100 kwa rupia, ni baada ya hapo. Neno letu la leo la hela limetoka kwenye sarafu hiyo ya Kijerumani. Florini ilipita haraka, 1920 hadi 1921, kisha ikaja shilingi.

Mwaka wa Hijria uzidishe kwa 0.97, ujumlishe 622. Mwaka 1319 unakupa 1901 na ushee. Sasa angalia mwezi. Hati za Kiswahili za khati ya Kiarabu hutaja Mfungo Mosi (mwezi unaofuata Ramadhani), Mfungo Pili na kuendelea, na mwaka wa Hijria hubadilika Mfungo Nne, yaani Muharamu, si Mfungo Mosi. Hati ya Mfungo Tatu 1319 iko mwishoni mwa mwaka, kwa hiyo ni Machi au Aprili 1902. Watu wengi hukosea mwaka mzima hapa.

Daftari la Kigujarati lenye mwaka kama 1960 si la juzi. Ni Samvat, kalenda ya Kihindu. Mwaka wao huanza siku inayofuata Diwali, na ndipo mfanyabiashara wa Kihindu alipofungua daftari jipya. Toa 57 kwa miezi kuanzia Diwali hadi Desemba, toa 56 kuanzia Januari. Samvat 1960 ni mwishoni mwa 1903 hadi Diwali ya 1904.

Nianzie ofisi gani? – Msomaji, Masasi

Anzia makaburini na kwenye jamati (nyumba ya ibada ya Wakhoja) au msikiti, kwa sababu jiwe la kaburi hutaja baba na tarehe. Wahindu huchoma maiti, hivyo usitafute kaburi lao. Kwao tafuta wasoma vitabu vya koo huko Gujarat, wanaoitwa vahivancha, ukiwa na jina la tabaka na la kijiji.

Baada ya hapo nenda mahakamani kuomba jalada la mirathi. Karatasi moja ya mirathi inazidi masimulizi kumi: ina siku ya kifo, wake, watoto na mafungu yao, na wadai wa marehemu pia. Ofisi ya ardhi inafuata, kwa nyumba na shamba. Kama shamba la mkonge lilinunuliwa mapema miaka ya 1920, angalia kama lilikuwa mali ya Mjerumani iliyotaifishwa na kupigwa mnada baada ya vita. Hapo bei na mnunuzi huandikwa.

Dar es Salaam, Nyaraka za Taifa, usiombe "faili la ukoo wetu". Halipo. Majalada yamepangwa kwa mambo: leseni, viwanja, madeni, mirathi. Taja mji na miaka. Omba pia Gazeti la Serikali ya Tanganyika, lililotangaza mirathi na waliofilisika. Kufilisika kwa babu ni aibu ya wakati ule, ila kwa mtafiti ni neema. Gazeti la Kijerumani la Dar es Salaam, Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, limewekwa mtandaoni na lina matangazo ya biashara. Kwa mambo ya kabla ya 1890, nenda Nyaraka za Zanzibar.

Bibi mzaa baba alikuwa Mmakua. Hakuna anayemwandika kwenye mti wa nasaba. – Msomaji, Mikindani

Mwandikeni. Kwanza ulizeni nihimo yake, yaani ukoo wake, maana Wamakua hufuata ukoo wa mama, na nihimo inaweza kukufikisha kwenye ndugu zake walio hai. Kama alikuwa suria au mtumwa, jina kama Faida au Zafarani ni dalili, si ushahidi. Tafuteni hati ya uhuru: Wajerumani walizitoa, na hutaja jina, kabila na pengine bwana wake. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922 tu.

Kipimo cha vinasaba kitasaidia?

Kidogo. Jamii zilizooana binamu kwa binamu huonyesha undugu wa karibu kuliko ulivyo. "Binamu wa pili" anaweza kuwa wa nne.

Daftari la babu limeanza kuliwa na mchwa.

Litoe ukutani, liweke kwenye boksi juu ya rafu ya chuma, mbali na sakafu. Usilipake dawa ya wadudu, usizibane kurasa ndani ya plastiki (lamination), usiunge kurasa kwa selotepu; gundi yake hugeuka njano na kula wino. Kama lina unyevu, lianike kivulini, si juani. Kisha piga picha kila ukurasa, na kurasa tupu pia, maana wenye maduka walipenda kuandika vizazi na vifo vya nyumbani kwao mwishoni mwa daftari.