Ukitaka kuzijua nyota, anza na Suheli

Kila anayeniuliza anunue darubini gani, namjibu: pesa hiyo iweke kwanza, uijue Suheli kwa macho matupu. Hata kwa darubini nzuri ya dukani itabaki nukta tu, maana iko umbali wa takriban miaka ya nuru 310. Nuru unayoiona leo iliondoka huko Waomani wakiwa hawajakaa sana Fort Jesus, waliyoiteka 1698.

Msimu wake ni kaskazi. Katikati ya Februari, saa tatu usiku, imesimama kusini barabara. Miaka hii Ramadhani inapoangukia mwezi huo, utaikuta ukitoka tarawehe. Hapa Mombasa, Mama Ngina panafaa ukisogea ukingoni mwa bahari na kuzipa taa kisogo. Epuka siku za mwezi mpevu. Simu itie mfukoni, macho yazoee kiza robo saa au zaidi. Hapa wengi hukosa subira, na ndipo kazi yote ilipo.

Sasa inua macho, karibu na utosi. Nyota inayong'aa kuliko zote ni Shi'ra, ile iliyotajwa katika Surat An-Najm. Mushtarii ikiwepo itaishinda kwa mwanga, lakini sayari hutulia, haimetimeti. Kutoka Shi'ra shuka moja kwa moja kusini mpaka ukutane na nyota nyeupe, kali, isiyo na mshindani upande ule. Hakikisha hivi: nyoosha mkono, kunja ngumi, pima kutoka mstari wa bahari. Suheli iko kama ngumi nne juu.

Wazungu huiita Canopus. Upana wake ni kama mara 70 wa Jua letu, na mwanga wake halisi mara 10,000 na zaidi. Mabaharia wa majahazi waliifanya alama ya kusini. Na 1964 Wamarekani waliporusha Mariner 4 kwenda Mirihi, chombo kilijiweka sawa safarini kwa kuitazama nyota hii hii, kwa sababu inang'aa sana na iko mbali na njia ya Jua. Mimi jambo hilo hunisisimua kila nikilikumbuka.

Usingoje Aprili. Kufikia hapo, baada ya isha itakuwa imeshaanza kuinamia magharibi, na mawingu ya masika hayakupi nafasi.