Jibu: Mishale haisikii nikihamia FreeBASIC

Yakhe, wasema mchezo wako wa nyoka ulienda vizuri kwenye QBasic (lugha ya zamani ya kuandikia programu, ya enzi za DOS), ukahamia FreeBASIC, ya kisasa inayofanana nayo, ikakataa alama za $ mwishoni mwa majina, ukazifuta zote, na sasa vitufe vya mishale vimekufa. Kibodi haina kosa. Kitufe cha mshale hurudisha herufi mbili: QBasic hutanguliza CHR$(0), yaani herufi yenye namba sifuri, FreeBASIC hutanguliza CHR(255), yenye namba 255. Ya pili ni ileile: H juu, P chini, K kushoto, M kulia. Wewe bado walinganisha na sifuri, hazipatani ng'o. Rudisha faili lako la mwanzo lenye $, kisha juu kabisa andika #lang "qb", FreeBASIC ifuate mtindo wa QBasic, sifuri na $ zikubalike.

Halafu naona umeita INKEY$ (amri ya kusoma kitufe kilichobonyezwa) mara nne, kila IF na yake. Hapo ndipo mimi nilipokesha siku moja Kisauni, joto na mbu, nikiilaumu kibodi ya watu. Kila ukiita, kitufe chatolewa kwenye foleni. IF ya kwanza ikishakila, za chini zapata patupu. Ita mara moja tu, k$ = INKEY$, ulinganishe k$.

Na ile EXE (faili la programu) ya QuickBASIC 4.5, ndugu wa QBasic, uliyosema haifunguki, ni ya biti 16, Windows ya biti 64 haiifungui. Tumia DOSBox, programu inayoiga kompyuta ya DOS.