Kipi kilitangulia, DNA au protini?
Swali lako: DNA hunakiliwa na protini, na protini huundwa kwa maelekezo ya DNA, sasa nani alimtangulia mwenzake? Watafiti wengi watakutajia RNA, molekuli inayofanana na DNA, kwa kuwa inabeba taarifa na pia inaweza kuchochea mmenyuko kama kimeng'enya. Wanasayansi Cech na Altman walipewa Nobel ya kemia mwaka 1989 kwa kugundua uwezo huo wa kuchochea. Ushahidi mzito zaidi unao mwilini mwako: ribosomu, mtambo wa seli unaounda protini. Picha zake za mwaka 2000 zilionyesha kwamba pale hasa asidi amino, yaani vipande vinavyojenga protini, zinapounganishwa hakuna protini, ni RNA tupu.

Ila kesi haijaisha. Kunakili RNA bila kimeng'enya cha protini, kama ingebidi mwanzoni, kunataka magnesiamu nyingi, kama milimola 50 kwa lita. Kiasi hicho hicho huikatakata RNA yenyewe taratibu, na utando wa asidi za mafuta, unaodhaniwa ulizifunika seli za mwanzo, huharibika hata kwa milimola chache. Mwaka 2013 watafiti Adamala na Szostak waliongeza sitrati, chumvi ya asidi ile ile iliyomo kwenye ndimu. Sitrati huishika magnesiamu, utando ukabaki mzima na RNA fupi ikaendelea kurefuka ndani yake. Sasa hiyo sitrati ingetoka wapi, tena kwa wingi huo, kabla ya uhai? Hapo ndipo wanapobishana.

Na kuhusu maelekezo ya DNA kwa protini: mpangilio wa kodoni 64, yaani vikundi vya herufi tatu za kijenetiki, kwa asidi amino 20 si bahati nasibu tupu: ukibadilisha herufi ya tatu, mara nyingi unapata asidi amino ile ile.