Bajeti ya jinsia si fungu la akina mama

Unasema bajeti ya jinsia ni pesa za pembeni za akina mama? Hapana ndugu. Hapa Uganda, Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015 inaitaka kila wizara ioneshe bajeti yake inawagusaje wanawake, wanaume, wenye ulemavu na makundi mengine yaliyoachwa nyuma. Waziri wa Fedha hutoa cheti cha kuthibitisha kwamba bajeti imezingatia hayo, baada ya kushauriana na Tume ya Fursa Sawa. Mimi nauza nyanya sokoni Arua; kwetu jinsia ni bomba na choo, maana ukifunika meza kwenda kutafuta choo mbali, mteja kashanunua kwa jirani. Ila cheti kinapima mpango ulioandikwa, si pesa iliyofika sokoni.